Tom Dumoulin: jamaa aliyesimama kwenda haja katikati ya mbio na bado akachukua Giro

Tarehe 23 Mei 2017, karibu na mpaka wa Italia na Uswisi, jamaa mrefu mwenye jezi ya pinki anasogea pembeni ya barabara, anaruka chini ya baiskeli, anavua helmeti, anaanza kuvua jezi kwa fujo kama mtu aliyeingiwa na siafu, alafu anachuchumaa kwenye majani. Kamera ipo palepale na haiondoki. Huyo ndo Tom Dumoulin, Mholanzi wa Maastricht, na siku hiyo yeye ndiye anayeongoza Giro d'Italia, zile mbio za baiskeli za wiki tatu za Italia. Tumbo limemgeuka zikiwa zimebaki kilomita 30 na kitu hivi, na mbele yake kuna mlima unaitwa Umbrail.

Kwanini avue jezi? Maana bukta ya waendesha baiskeli ina mikanda inayopita mabegani chini ya jezi, kwahiyo hata uwe umebanwa vipi huwezi kushusha tu ukamaliza shida yako, lazima uanzie juu. Haja ndogo wanaimaliza hukohuko juu ya baiskeli, wamezoea. Kubwa ni habari nyingine.

Watu wengi wanaijua hiyo video na wanaishia kwenye kicheko. Mi naona ukiielewa vizuri ile siku moja umeielewa karibu kazi nzima ya huyu mtu, alivyoshinda, alivyoshindwa na hata alivyoamua kuacha akiwa na miaka 31 tu. Ila inabidi kwanza tukubaliane kuhusu hesabu.

Swali la kwanza la mtu yeyote akikuta hizi mbio kwenye TV ni hili: inakuwaje fulani anaitwa kiongozi wakati leo kafika wa tisa? Jibu ni kwamba Giro, Tour de France na Vuelta ya Hispania kila moja ina hatua 21, yaani siku 21 za kushindana ndani ya wiki tatu, na kila siku wanakuandikia muda uliotumia tangu mlipoachiwa mpaka ulipovuka mstari. Wanajumlisha. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndo anavaa jezi ya kiongozi, pinki kwa Giro, njano kwa Tour, nyekundu kwa Vuelta. Mkifika kundi moja mmeshikana wote mnaandikiwa muda uleule, hata kama mko mia na wewe ni wa tisini, ndo maana siku za tambarare hazibadilishi sana msimamo. Kuna zawadi ndogo pia, wa kwanza kwenye hatua za kawaida anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Inaonekana utani, ila subiri.

Giro ya 2017 Dumoulin aliimaliza kwa saa 90, dakika 34 na sekunde 54. Wa pili, Nairo Quintana wa Colombia, alikuwa nyuma yake kwa sekunde 31. Yaani wiki tatu za jasho, zaidi ya kilomita elfu tatu na mia tano, na tofauti yao hata yai halijapata moto.

Sasa hizo sekunde zinapatikana wapi? Sehemu kuu ni mbili. Ya kwanza milimani. Mlima mkali hauna siri, unapandisha uzito wako mwenyewe, na mwepesi ana faida. Quintana ni mfupi, hafiki kilo 60. Dumoulin ana urefu wa mita 1.85 hivi na kilo zake karibu 70. Hizo kilo kumi ni sawa na umefunga ndoo ya maji ya lita kumi kwenye karia alafu unaambiwa haya tupande, na hao wenzako ndo wameshapotea konani.

Ya pili ni mbio za saa. Siku hiyo hamna kundi, mnaachiwa mmoja mmoja kwa kupishana dakika, na hamna ruhusa ya kujificha nyuma ya mtu. Kwenye kundi mwenzako anakukingia upepo, na ukishapita kilomita 40 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na upepo tu, ndo maana anayekaa nyuma anapumua na anayeongoza anaumia. Kwenye mbio za saa upepo wote ni wako. Hapo ndipo mtu mrefu mwenye misuli ya kutosha na anayejua kujikunja anakula vichwa. Dumoulin akikaa kwenye ile baiskeli maalumu mgongo unalala kama meza, viwiko mbele, kichwa kimezama mabegani, na hatikisiki. Miguu inazunguka tu, huku juu kama picha.

Tatizo ni kwamba waliobarikiwa kwenye saa kwa kawaida wanafia milimani, na wapanda milima wanaliwa na saa. Kushinda mbio za wiki tatu inabidi uwe mzuri kwenye kimoja na usiwe mbovu kwenye kingine, na muda mwingi unahitaji wenzako wa timu wakubebe pale penye udhaifu. Hilo la wenzako lishike, tutarudi nalo mara nyingi.

Dumoulin alizaliwa Novemba 1990, ujanani aliwaza udaktari kuliko baiskeli, akaanza baiskeli ya kulipwa 2012 kwenye timu iliyokuja kubadilishwa majina mpaka ikawa Sunweb. Kwenye saa alianza kuonekana mapema, 2014 akachukua shaba ya dunia nyuma ya Bradley Wiggins na Tony Martin. Kila mtu akasema sawa, huyu ni mtu wa saa. Mwaka uliofuata ndo mambo yakachanganya.

Vuelta ya 2015 hakuna aliyemhesabu. Hatua ya 9, kwenye mwinuko wa Cumbre del Sol, akamshinda Chris Froome mlimani, mtu aliyekuwa ametoka kushinda Tour mwezi uliotangulia. Watu wakashangaa. Hatua ya 17 mbio za saa Burgos akashinda pia, akavaa nyekundu, anaongoza kwa sekunde 3 juu ya Fabio Aru wa Italia. Akaongeza tatu nyingine Ávila, zikawa 6. Imebaki siku moja ya milima na siku ya mwisho ya kupunga mikono Madrid.

Siku hiyo moja ndo ikamuua. Timu ya Aru, Astana, ilikuwa na watu mlimani na ilikuwa imeshatanguliza wengine mbele kwenye kundi la waliochomoka asubuhi. Aru akashambulia, Dumoulin akaachwa kidogo tu, sekunde chache, unamuona Aru palee mbele kabisa. Lakini Aru akiangalia mbele anakuta mwenzake kasimamishwa anamsubiri ambebe kwenye tambarare, na Dumoulin akiangalia nyuma hamna mtu wake hata mmoja. Mpaka wanafika Cercedilla kapoteza karibu dakika 4. Kutoka wa kwanza mpaka wa sita kwa mchana mmoja. Hakuzidiwa sana miguu, alizidiwa idadi.

Basi turudi 2017, Giro ya 100. Humo tunaweza kufuata hesabu kama daftari la duka.

Wiki ya kwanza Quintana anamuacha Dumoulin kwenye mlima wa Blockhaus, anakuwa mbele yake kwa sekunde 30. Hiyohiyo siku pikipiki ya polisi iliyosimama vibaya inasababisha ajali, na kati ya walioumia yumo Wilco Kelderman, msaidizi mkuu wa Dumoulin milimani. Anarudi nyumbani. Tayari kidonda cha Vuelta kinafunguka.

Hatua ya 10, mbio za saa, kilomita 39.8 kutoka Foligno mpaka Montefalco kwenye mashamba ya zabibu. Dumoulin anashinda na Quintana anapigwa dakika 2 na sekunde 53. Toa zile 30, Dumoulin anaongoza kwa 2:23.

Hatua ya 14, Oropa, mlima mkali. Zikibaki kilomita kama 4 Quintana anashambulia. Hapa mtu mwingine angesimama kwenye pedali amkimbize. Dumoulin anabaki kakaa kwenye siti, anaendelea na mwendo wake uleule, kama anapanda ngazi za kwao. Taratibu pengo linafungwa, anamfikia, anampita, alafu anashinda hatua. Sekunde 14 za njiani jumlisha 10 za zawadi, sasa ni 2:47. Kesho yake Bergamo Quintana anafika wa pili anapata 6, inabaki 2:41. Unaona zile sekunde za utani zinavyofanya kazi?

Alafu ndo ikaja siku ya tumbo. Kilomita 222, milima ya Mortirolo, Stelvio, na Umbrail ambayo ni kupanda Stelvio kwa mlango wa nyuma wa Uswisi. Chakula cha hawa watu siku kama hiyo ni jeli na vinywaji vya sukari kwa masaa sita, juu ya mita 2,000 na zaidi, tumbo gani halitagoma. Kasimama, kachuchumaa, karudi barabarani, na kundi la wakubwa halikumsubiri kwa muda mrefu. Hapo mtandaoni watu walitukanana mpaka usiku: kuna sheria isiyoandikwa kwamba kiongozi akipata janga usimshambulie. Wengine wakasema janga ni kuanguka au pancha, tumbo ni sehemu ya mwili wako na mwili wako ndo unashindanishwa. Mi nipo upande huo wa pili, ingawa nakubali kwamba ningekuwa Mholanzi siku ile ningerusha rimoti.

Cha muhimu ni alichofanya baada ya hapo. Hakukimbiza kwa hasira. Akiwa peke yake, tena, akapanda Umbrail yote kama vile ni mbio za saa, kwa nguvu anayojua anaweza kuishikilia mpaka juu. Vincenzo Nibali akashinda hatua, Dumoulin akafika 2:18 nyuma yake. Quintana alikuwa wa tatu, kwahiyo ukipiga hesabu na zawadi, 2:41 imekuwa sekunde 31. Bado pinki ni yake. Angesimama dakika moja zaidi, au angepandwa na hasira akakata moto katikati ya mlima, hadithi ingekuwa imeisha hapo.

Siku chache baadae jezi aliipoteza kweli, kwenye hatua ya Piancavallo alipozembea akabaki nyuma ya kundi wakati wakubwa wameshachomoka mbele, kosa la kizembe kabisa kwa mtu wa kiwango chake. Kuamkia siku ya mwisho msimamo ukawa: Quintana wa kwanza, Nibali, Thibaut Pinot, alafu Dumoulin wa nne, sekunde 53 nyuma. Wa nne! Lakini waliojua hesabu walikuwa wametulia, maana tarehe 28 Mei ilikuwa mbio za saa, kilomita 29.3, kuanzia kwenye njia ya magari ya Monza mpaka mbele ya kanisa kuu la Milano, barabara imenyooka na ni tambarare. Zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Quintana akapoteza dakika 1 na sekunde 24 kwa Dumoulin. Toa 53, inabaki 31. Hatua yenyewe hata hakushinda, alishinda Mholanzi mwenzake Jos van Emden, ila nani anajali.

Mwanaume wa kwanza wa Uholanzi kushinda Giro. Nasema mwanaume makusudi kwasababu Marianne Vos na Anna van der Breggen walishaishinda ya wanawake kabla yake. Na kwa wanaume Uholanzi ilikuwa haijashinda mbio yoyote kati ya hizi kubwa tatu tangu Joop Zoetemelk achukue Tour 1980, miaka 37, kwa nchi ambayo baiskeli ni kama viatu. Septemba mwaka huohuo kule Bergen, Norway, akawa bingwa wa dunia wa mbio za saa, dhidi ya watu wa saa na wapanda milima wote kwa pamoja kwasababu njia iliishia mlimani. Primož Roglič wa pili kwa sekunde 57, Froome wa tatu.

Mwaka 2018 ndo naona alikuwa bora kuliko wakati wowote, na hakushinda mbio kubwa hata moja. Hapa anaingia huyu Froome, na kwetu Froome sio mgeni, kazaliwa Nairobi 1985, baiskeli kafundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, na alikimbia kwa bendera ya Kenya kabla ya kuhamia Uingereza. Giro hiyo alikuja na kesi ya dawa ya pumu kichwani, iliyokuja kufutwa Julai, na mpaka hatua ya 19 alikuwa wa nne huko, nyuma ya Simon Yates kwa 3:22. Dumoulin wa pili, sekunde 28 tu nyuma ya Yates.

Kwenye mlima wa Finestre, ambao juu ni barabara ya changarawe, Yates akakatika kabisa. Froome akachomoka. Zilikuwa zimebaki kilomita 80. Hakuna mtu mwenye akili anachomoka kilomita 80. Nyuma yake wakabaki watano: Dumoulin, Pinot, Sébastien Reichenbach msaidizi wa Pinot, na vijana wawili, Richard Carapaz na Miguel Ángel López. Swali likawa nani avute, yaani akae mbele awakatie wenzake upepo. Hao vijana wanapigania jezi nyeupe ya vijana kati yao, kila mmoja anamtega mwenzake, hawana mpango na Froome. Pinot anataka Reichenbach asaidie, kwahiyo Dumoulin akakubali wamsubiri Reichenbach ambaye alikuwa amebaki nyuma kidogo, na huyo Reichenbach kuteremka alikuwa hawezi vizuri. Kila kona sekunde zinadondoka. Froome peke yake mbele, anateremka kama mtu aliyekatikiwa breki. Mwisho wa siku alimpiga Dumoulin 3:23, akavaa pinki, na Giro ikaisha kwa sekunde 46.

Ajabu ya siku ile ni hiyo: mtu aliyezoea kuumizwa kwa kukosa wenzake safari hii kaumizwa na wenzake. Angeshuka Finestre peke yake kama alivyopanda Umbrail, mi naamini angekuwa na Giro mbili. Huwezi kuthibitisha, ila ukiangalia ule mteremko unaumwa tumbo wewe.

Miezi miwili baadae akaenda Tour, akamaliza wa pili tena, 1:51 nyuma ya Geraint Thomas, huku mapema tu akiwa amepata pancha karibu na mlima wa Mûr-de-Bretagne na juu yake kupigwa faini ya sekunde 20 kwa kujikinga upepo nyuma ya gari la timu. Hatua ya mbio za saa alishinda kwa sekunde 1 dhidi ya Froome.

Baada ya hapo mambo yanashuka haraka. Giro ya 2019 akaanguka hatua ya 4, goti likaharibika, msimu ukaenda na maji. 2020 akahamia Jumbo-Visma, timu yenye pesa na yenye watu, kile kitu ambacho alikikosa Hispania 2015. Ila sasa kiongozi mwingine alikuwepo, Roglič. Kwenye Tour Dumoulin akajiona hana miguu ya kushinda, akaamua mwenyewe kuwa wa kuvuta. Hatua ya 20 kwenye mbio za saa za La Planche des Belles Filles alikuwa ameweka muda bora, kakaa kwenye kiti pale juu na Wout van Aert wanaangalia skrini, na kijana Tadej Pogačar akampiga yeye dakika 1 na sekunde 21 na kumnyang'anya Roglič Tour nzima. Ile picha ya hao wawili mdomo wazi hata ukiiangalia leo hujui ucheke au ulie.

Januari 2021 akasema anasimama, bila mshahara, hajui mpaka lini. Alieleza kwamba kila mtu anataka kitu kutoka kwake, timu, wadhamini, watu wa nyumbani, na yeye mwenyewe hajui tena anataka nini, na alivyotangaza alijisikia kama katua mzigo wa kilo mia mgongoni. Alikuwa na miaka 30. Wapo waliosema anadeka. Lakini angalia alichorudi kufanya: Juni alirudi, na Julai 28 kwenye Olimpiki ya Tokyo, mbio za saa, kilomita 44.2, fedha, nyuma ya Roglič. Fedha ya pili, ya kwanza ilikuwa Rio 2016 nyuma ya Fabian Cancellara. Yaani ukimpa siku moja, saa na barabara bado ni yuleyule. Wiki tatu za kundi, mikutano ya timu na matarajio ya watu milioni 17, hapo ndo alikuwa keshaisha.

2022 alijaribu Giro tena, akajitoa hatua ya 14. Mwezi Juni akatangaza mwisho wa msimu anaacha, Agosti akaona hata mwisho wa msimu ni mbali, akaacha siku ileile. Kaacha na ushindi wa hatua tisa, alizozipata kwenye Giro, Tour na Vuelta, ila jezi ya njano hajawahi kuivaa hata siku moja.

Ukitaka kumuona vizuri usiende kwenye video ya tumbo. Tafuta kilomita nne za mwisho za Oropa 2017. Usimwangalie Quintana anayeruka ruka huko mbele, angalia mabega ya yule mrefu wa pinki nyuma yake, tangu anaachwa mpaka anampita.